Baba Mkwe na Vichekesho vya Waingereza

Jumatatu, 3 Machi

Baba mkwe amefika. Amefanyiwa upasuaji wa macho na daktari ameyafunga yote mawili kwa bandeji, yapumzike. Atakaa kwetu mpaka yafunguliwe. Mke wangu amempa chumba cha mbele. Mimi nimempa kiti changu, kile kinachotazama televisheni.

Si kwa moyo mweupe mtupu. Baba mkwe ana duka la makochi, na amechoka nalo. Anatafuta wa kumkabidhi. Nimepiga hesabu, tunaofaa ni wawili: mimi, na mwanyumba wangu, yaani yule aliyemwoa dada wa mke wangu. Yeye ni mfamasia. Anapiga mashati pasi hadi yanasimama yenyewe. Lakini dawa hujiuza. Mgonjwa hana ujanja. Kochi linahitaji maneno, na mimi ni wakala wa bima. Maneno ndiyo niliyonayo.

Jioni baba mkwe alilalamika kwamba giza ni refu. Redio haitaki, anasema kazi yake kutangaza misiba. Alikaa akipapasa mkono wa kiti kama anakagua mshono. Nikamhurumia. Papo hapo nikapata wazo!

Vichekesho vya Uingereza.

Jumanne, 4 Machi

Niseme wazi, mimi ni mtaalamu wa jambo hili. Niliwahi kwenda kule kwa kozi fupi ya bima, nikapanga chumba kwa bibi mmoja aliyetazama vichekesho kila jioni, bakuli la biskuti mapajani. Alipocheka, nilicheka. Aliponyamaza, nilinyamaza. Ndivyo nilivyosoma.

Tangu nirudi, simnyimi mtu ushauri. Nimemshauri kinyozi. Nimemshauri jirani wa juu. Hata yule mteja aliyekuja kudai fidia ya paa lake nilimwandikia pembeni ya fomu aanze na kipi. Hakurudi tena. Nadhani bado anatazama.

Ushauri wangu kwa mtazamaji wa mbali ni huu. Asianze na vile vya zamani, makelele yatamchosha. Asiguse vile vipya ambamo hakuna anayecheka, watu wanatazamana tu kwa aibu. Aanze na vya katikati. Chumba kimoja, watu wachache, mvua nje, chai ndani, na bwana mmoja anayejiona mkubwa kuliko cheo chake, wote wanalijua hilo isipokuwa yeye mwenyewe. Sijui kwa nini aina hiyo hunigusa sana.

Basi nimechagua kimoja kinachohusu ofisi ya vitu vilivyopotea katika stesheni ya treni. Kiingereza cha baba mkwe ni cha vipimo vya mbao tu, kwa hiyo nilijitolea kutafsiri. Mke wangu akauliza kama nitaweza. Nilimwangalia tu.

Tukaanza. Msimamizi wa ofisi anakunywa chai. Anaingia bwana mnene, amelowa chapachapa, anasema kitu upesi kama anafukuzwa. Televisheni nzima ikacheka. Baba mkwe akageuza uso wake wenye bandeji upande wangu.

“Amesema nini?”

Nilikuwa nimedaka neno moja tu.

“Amepoteza mbuzi, Baba.”

“Mbuzi? Ndani ya treni?”

“Ndani ya treni. Daraja la kwanza.”

Baba mkwe alicheka hadi akashika bandeji isidondoke. Akapiga paja langu. Sijawahi kupigwa paja na mtu huyu tangu nimwoe binti yake. Siku njema!

Alhamisi, 6 Machi

Mbuzi anasumbua. Haonekani. Sehemu zote tulizotazama, hajapita hata mkia. Bwana mnene anarudi kila mara kumdai, anajaza karatasi, anajipapasa kifuani. Nilisema anaeleza manyoya. Halafu nikasikia neno ‘vifungo’ waziwazi. Mbuzi na vifungo wapi na wapi? Nikasema mbuzi alikuwa amefungwa kamba.

Baba mkwe akauliza kwa nini mtu mzima amlilie mbuzi mmoja kiasi hiki. Swali zuri. Nilikunywa maji kwanza. Kisha nikasema ana mimba.

Aah, akasema baba mkwe. Akaegemea. Sasa ameelewa kila kitu.

Kikwazo kimoja tu: mke wangu. Tunapotazama, yeye yuko kwenye korido na simu. Sijui sponji imefika, sijui mteja wa makochi ya harusi anataka miguu mifupi, sijui fundi asikate kitambaa kabla ya kupima tena. Sauti yake inaingia katikati ya tafsiri yangu. Nilimwomba apunguze. Akarudishia mlango. Baba mkwe akauliza ni nani anaongea. Nikamwambia ni binti yako, anapiga soga.

Jumamosi, 8 Machi

Mambo yananinyookea. Baba mkwe anadai televisheni iwashwe hata jua halijazama. Jirani wa juu alipokuja kumjulia hali, hakuambiwa habari ya macho hata kidogo. Aliambiwa ya mbuzi, tangu mwanzo, pamoja na mambo ambayo hata mimi sikuyasema. Kwamba ana doa jeupe pajani, kwa mfano. Nimelichukua. Ni doa zuri.

Leo ameniita mwanangu. Kwa miaka yote hii nimekuwa “mume wa fulani”. Nilikwenda kusimama dirishani kidogo.

Mchana nilipita dukani, kuzoea mazingira. Nyuma ya meza kuna kiti kinachozunguka. Nilizunguka. Fundi wa makochi akatoka nyuma na mkasi, akaniuliza kama nimetumwa na mama. Nikamuuliza mama gani. Akasema mama, mke wako, maana kile kitambaa cha kijani alichoagiza kimefika na anasubiri neno lake. Nikamweleza kwa upole kwamba siku si nyingi maamuzi ya vitambaa yatapitia kwangu. Alinitazama, akatazama mkasi, akarudi kazini. Mtu mnyamavu. Nitampandisha cheo.

Jumapili, 9 Machi

Siku mbaya! Mwanyumba amekuja kumwona mkwe wake, na matunda na chupa ya vitamini. Shati limesimama. Kiingereza chake ni cha kweli, cha kusoma vijikaratasi vya ndani ya maboksi ya dawa.

Nilipoona anakaa, nikasema leo hakuna televisheni, umeme umekatika. Feni ilikuwa inazunguka juu ya kichwa changu. Baba mkwe, anayehisi upepo kama kila mtu, akasema washa.

Akamgeukia mwanyumba kwa furaha. “Umekuja siku yenyewe. Leo anazaa.”

Mwanyumba akauliza nani.

“Mbuzi!”

Mwanyumba akanitazama. Nikatazama matunda.

Kipindi kikaanza. Bwana mnene akaingia, nami nikatafsiri kwa sauti ya chini, nikitumaini mwanyumba atapata udhuru. Hakupata. Alikohoa. Akakohoa tena. Halafu akasema, kwa ile sauti ya kumweleza mgonjwa kwamba dawa hii si ya kunywa, ni ya kupaka:

“Baba, samahani. Huyu bwana amepoteza koti.”

Televisheni peke yake ilicheka.

Akaeleza kwamba mbuzi na koti kwa Kiingereza ni maneno yanayokaribiana sana masikioni, mtu mwenye haraka huweza kuyachanganya. Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililoniuma.

“Koti linazaaje?” akauliza baba mkwe.

“Halizai, Baba.”

Nilidhani ndiyo basi. Lakini baba mkwe akapandisha hasira, tena si kwangu! Akamwambia mwanyumba kwamba tangu Jumanne amekuwa akimfuatilia mnyama mjamzito katika mvua ya watu, anajua mpaka doa lake, halafu mtu anaingia na chupa ya vitamini na kumwambia ni koti. Nikaona upenyo, nikapita. Nikasema ofisi ile iko sehemu yenye lahaja. Mwanyumba akauliza lahaja gani. Nikasema ya ndani, ndani kabisa.

“Mwache mwenzio atafsiri,” akaamuru baba mkwe.

Mbuzi alizaa mapacha. Sikuwa na namna. Jasho lilinitoka hadi kwenye soksi. Baba mkwe akaomba glasi ya maji, akafuta machozi yaliyopenya bandeji hadi kidevuni.

Mwanyumba alipoondoka alinishika mkono muda mrefu, akasema nikipata nafasi nipite dukani kwake, ana matone ya masikio. Wivu mtupu.

Jumanne, 11 Machi

Mke wangu anataka nimwambie baba yake ukweli kabla bandeji haijatoka. Nikasema nitamwambia baada. Akasema baada atakuwa anaona, hatahitaji kuambiwa. Ana namna ya kusema mambo huku anaandika vipimo mkononi na kalamu.

Bandeji zinatoka Ijumaa. Nimepiga simu kliniki, kuuliza tu, kama kwa mambo ya macho haraka haina madhara. Labda mwezi mwingine hivi? Muuguzi akauliza mimi ni nani wa mgonjwa. Nikakata.

Ijumaa, 14 Machi

Zimetoka. Niandike polepole, maana mengi yametokea.

Wa kwanza kuonwa ni mke wangu. Baba mkwe alimshika mashavu, akamgeuza kwenye mwanga kama mtu anayechagua kitambaa, akasema umekonda. Mke wangu akasema ni kazi tu, Baba. Wote wawili wakafuta macho, na muuguzi akawakataza. Kisha baba mkwe akanitazama mimi. Akasema alinikumbuka mrefu zaidi.

Nyumbani hakutaka chakula. Alitaka televisheni. Nikapendekeza alale. Nikapendekeza kichekesho kingine, kizuri zaidi, cha mapadri. Hapana.

Akatazama. Ofisi. Chai. Mvua. Bwana mnene aliingia kwa mara ya mwisho na kukuta msimamizi amelivaa lile koti, amelivaa muda wote, mbele ya macho yake. Nakiri ni mwisho mzuri. Sikuuona ukija.

Baba mkwe akangoja hadi majina ya waigizaji yakapita yote. Akauliza, polepole:

“Na yeye yuko wapi?”

“Amekwenda malishoni, Baba.”

Alinitazama kwa macho yale mapya, mekundu kidogo pembeni. Halafu mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, nikainuka kumwita mke wangu. Kumbe anacheka! Si kwa televisheni, imeshazimwa. Ananicheka mimi. Alicheka hadi akakaa sakafuni.

Alipopata pumzi akaniambia jambo. Kwamba siku ya kwanza, gizani, aliogopa. Kwamba aliwaza macho hayatarudi, na hakutaka kumwambia binti yake. Kwamba jioni baada ya jioni, badala ya kuogopa, alikuwa anamngoja mbuzi. “Umenidanganya vizuri,” akasema. “Ahsante, mwanangu.”

Nikaona duka hili hapa. Niliuona ule mzunguko wa kiti.

Mwanyumba alifika jioni na mkewe, wakaitwa wote sebuleni. Baba mkwe akatoa funguo mfukoni. Akasema macho yake yalifungwa lakini masikio alibaki nayo, na siku zote hizo alisikia nani yuko kwenye korido anaendesha duka lake kwa simu, bila kuombwa, bila kujisifu. Akampa mke wangu.

Mwanyumba alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Eti hakulitaka duka hata siku moja, ana famasia yake na inamtosha. Kumbe nilikuwa nashindana peke yangu! Na bado sikushinda.

Nikauliza nafasi yangu. Baba mkwe akafikiri. Akamwambia mke wangu: “Huyu asimkaribie mteja. Atamwambia kochi lina mimba.”

Baadaye mke wangu alinikuta jikoni nikisugua sufuria ambayo ilikuwa safi. Akauliza kama nimeumia. Nikasema hata kidogo. Akachukua kitambaa, akaanza kukausha. Akasema alipenda mapacha. Nikashangaa, amejuaje? Akasema mlango hakuwahi kuufunga kabisa, aliurudishia tu, asikie.

Basi niliumia kidogo zaidi, halafu kidogo kuliko mwanzo. Sijui nieleze vipi.

Jumatatu, 17 Machi

Nimempeleka baba mkwe kliniki kukaguliwa. Mke wangu yuko dukani. Nimekaa chumba cha kusubiria, nimetulia, sina neno na mtu. Nimepokea yote. Mimi ni mtu mwingine sasa.

Halafu nikaangaza. Mabenchi yamejaa, ukuta hadi ukuta. Wazee kwa vijana, wamekaa wima, wamefungwa bandeji machoni. Hakuna anayeongea. Na ukutani, juu yao, televisheni kubwa. Imezimwa!

Sitatumia vichekesho. Nimeona vina hatari zake. Lakini kuna tamthilia za upelelezi. Waingereza hakuna wanaowafikia kwa upelelezi: kijiji kizuri, bustani ya maua, maiti. Namshauri kila mtazamaji wa mbali aanze nazo.

Nimekwenda kwa muuguzi mkuu na kujitolea kutafsiri. Akauliza kama Kiingereza changu kinatosha. Nikasema nimekaa kule muda mrefu hadi nilianza kuota kwa Kiingereza. Akauliza kama hadithi zenyewe hazitawachanganya wagonjwa. Nikasema waniachie mimi.

Naanza kesho asubuhi. Muuaji nitamchagua mwenyewe.