Waya wa Mkurugenzi Namgung

"Ushindi wa mtandaoni si ushindi, ni fununu. Kuanzia leo Serikali haiutambui."

"Fununu? Mkurugenzi, Ijumaa nimemchapa mtu mpaka kambi yake ikabaki majivu. Alipoona maji yamefika shingoni, akapotea bila kuandika 'mchezo mzuri'. Kosa langu nini hapo?"

"Kosa lako ni kwamba hakuandika."

Namgung Cheol-min, Mkurugenzi wa Idara ya Uthibitisho wa Ushindi jijini Daegu, alimtazama Bo-ram kwa huruma ya kiserikali. Binti huyu, aliyekulia kwenye vyumba vya kompyuta akila tambi za kikombe, alibakiza ushindi mmoja tu aingie mashindano ya taifa ya vita vya kompyuta. Lakini kanuni ni kanuni: aliyepigwa asipoandika "mchezo mzuri" kabla ya kutoka, hakuna aliyeshinda.

Mkurugenzi aliielewa vizuri, maana aliitunga yeye. Yeye mwenyewe alicheza mtandaoni kila siku ya kazi, saa za kazi, kwa jina la Jenerali Dhahabu, na hajapata kushindwa. Kila alipokaribia kushindwa, umeme ulikatika. Ulikatikia chini ya meza, karibu na mguu wake.

Akamfafanulia Bo-ram kwamba mtandaoni watu hujificha, ukumbini kila kitu huonekana. Akitaka nafasi, amshinde ofisa wa Idara hadharani. Ofisa gani? Mkurugenzi akajitolea, kwa moyo wa utumishi.

Jumamosi ukumbi ukafurika. Majeshi ya Bo-ram yalishaingia mpaka jikoni mwa kambi ya adui pale kiatu cha Mkurugenzi kilipoteleza chini ya meza. Kompyuta yake ikazimika.

"Umeme," akatangaza.

Taa zote zilikuwa zinawaka. Kamera iliyokodiwa na Idara kwa ajili ya uwazi ilikuwa inauonyesha mguu wake kwenye skrini kubwa.

"Jenerali Dhahabu, kumbe ndio wewe," mtu akasema kule nyuma. Ukumbi ukaangua kicheko. Nusu yao walishakatiwa umeme na mguu huohuo.

Bo-ram hakucheka. "Mkurugenzi, bado lile neno."

Mkurugenzi akanong'ona kitu.

"Hapa si mtandaoni. Sema tusikie."

"Mchezo mzuri," akasema Mkurugenzi, akainama kama desturi inavyotaka. Ushindi ukawa umethibitishwa kwa mujibu wa kanuni. Kisha akageuka akaondoka, waya wa umeme umemnasa kiatuni, unaburuzika nyuma yake mpaka mlangoni.