Mtama Bwawani

Jumatatu, 2 Machi

Umepotea wewe, mjukuu wangu Iradukunda. Pasaka mbili hujaniona. Umevunjika mguu? Barabara ya kuja Ngara imeliwa na mchwa? Nakuandikia humu daftarini kwa herufi nilizookota kwenye katekisimu, maana shule sikuingia. Utazisoma ukija. Kama utakuja.

Leo umepiga simu. Umesema labda Pasaka hii, kazi ya maabara ikiisha. Nikauliza kazi gani. Kumbe unapuliza hewa kwenye bomba la kioo lenye maji na unga wa mawe, unatazama viputo. Mtu mzima! Ukasema chembe laini zikiwa kidogo zinafanya viputo viwe vidogo, hewa inaingia majini upesi. Zikizidi, maji yanakuwa uji, viputo vinaungana, vinakimbilia juu na hewa yao.

Nimeelewa. Samaki nao wanataka hewa.

Hujui kwamba nafuga sato. Baba yako Minani, mwanangu, ameniwekea bwawa la turubai nyuma ya migomba, na pampu ya sola ya kupuliza hewa. Vifaranga vilitoka Nyamigogo kwa basi. Ni vyako vyote. Mtu anayelamba mifupa ya sato kama wewe hawezi kuikataa Pasaka ya tatu.

Jumanne, 3 Machi

Mgongo unauma. Melania jirani amepita na sato wake kwenye beseni, wapana kama kandambili. Wangu kama vijiko. Watoto wake huja kila Pasaka, naye Melania hutangaza hivyo mbele ya kanisa zima. Akanishauri nipunguze samaki, bwawa limejaa. Nikamshukuru. Sifanyi kitu alichosema Melania.

Nitatia unga. Wa mawe sina. Nina mtama uliokaangwa, niliouweka kwa pombe ya ndizi ya sikukuu; nitausaga. Napika pombe tangu sijaolewa. Ukitia mtama kwenye maji ya ndizi, viputo vinaamka vyenyewe. Nani wa kunifundisha viputo?

Jumatano, 4 Machi

Minani amesema nitie kiganja kimoja nione kwanza. Kiganja! Mtama wa sikukuu haupimwi kwa kiganja. Nilingoja aende shamba, nikatia debe.

Jioni viputo kama macho ya ng'ombe! Vinapanda, vinapasuka, pwa, pwa. Nikamwita Melania aje aone wivu. Akatazama muda mrefu. Akaniuliza kama nimelala vizuri siku hizi.

Alhamisi, 5 Machi

Nimechoka hadi kalamu ni nzito.

Asubuhi maji yalikuwa uji mtupu. Samaki wote juu, midomo wazi, wanameza hewa kama kwaya isiyo na sauti. Nikapiga yowe. Melania akafika kabla ya mwanangu.

“Mama Minani, unafuga samaki au unapika pombe?”

Alishajifunga kitenge, ameshika ndoo. Tukachota uji, tukaleta maji ya mtoni, yeye mbele, mimi nyuma, Minani kati akinung'unika. Wengi wamekufa. Nimewazika kwenye migomba, na nimelia kidogo, usimwambie mtu. Sikulia kwa ajili ya samaki. Niliona Pasaka nyingine, sahani yako ikiwa imefunikwa mezani.

Jioni Melania akarudi na beseni, akamimina sato wake bwawani mwangu bila kuniomba ruhusa.

“Mtoto akija atakula samaki,” akasema. “Hatauliza ni wa nani.”

Nimemchukia sana kwa hilo. Nimempelekea mkungu wa ndizi.

Ijumaa, 6 Machi

Umepiga. Unakuja! Tiketi umekata. Minani alikuwa ameshakusimulia, mbea yule. Ukaniuliza nilitia unga kiasi gani. Nikasema kidogo. Ukarudia yale ya kuzidi na uji. Ukaongeza kwamba mtama wenyewe unachacha na kula hewa ya samaki, kwamba bomba lako halina kiumbe ndani. Ukasema nisiguse tena. Nikaitikia, ndiyo mjukuu wangu.

Usiku huu nimewaza vizuri. Debe halikuwa na kosa. Kosa ni jiwe langu la kusagia, limezeeka, unga ulitoka mnene. Wewe mwenyewe ulisema laini.

Kwa hiyo ukishuka stendi Ngara, usihangaike na mkate wala soda. Niletee chekeche la huko maabara, lenye matundu madogo kuliko yote. Lifiche ndani ya kanga, Melania asilione. Mtama umebaki nusu gunia.