Mlima na Harusi ya Binti Yangu

Jumatano, 4 Juni
Binti yangu anaolewa Jumamosi. Ameniomba kitu kimoja tu: nisimame, niseme neno kama baba. Mahafali yake niliyakosa, mlima ulikuwa unakohoa. Alipolazwa hospitali nilifika akiwa ameshatoka, mlima ulikuwa unajikuna. Miaka yote hiyo volkeno haijatema hata cheche. Safari hii siendi popote.

Tatizo, Jumamosi ni zamu yangu. Nikiomba ruhusa, mkuu wa kituo chetu cha kuchunguza volkeno atamweka mwenzangu Kimbelembele. Halafu mlima ulipuke siku hiyohiyo, yeye ndiye atangaze redioni? Thubutu!

Alhamisi, 5 Juni
Nimepata akili. Nimekifukua chombo cha kupimia mitetemo pale mteremko wa mashariki, nikakifukia uani, nyuma ya ukumbi wa harusi. Mkuu nimemwambia kina hitilafu, Jumamosi nitashinda nje nikikijaribu. Akiona kinatuma ishara ataamini niko kazini. Kasema sawa. Uongo uko wapi?

Mke wangu, aliyekuja kukagua ukumbi, kanikuta na koleo, akauliza ninazika nini. Nikamwambia napanda maua.

Jumamosi, 7 Juni
Binti kapendeza mpaka sikujua pa kuweka mikono. Muziki ukaanza, wageni wakamwagika uani kucheza. Mshereheshaji akaninong'oneza kuwa wimbo huu ukiisha, zamu yangu. Mara simu yangu ya kazi ikapiga kengele ya hatari. Mteremko wa mashariki unatikisika, tena mfululizo! Nikamwona akilini Kimbelembele mbele ya kipaza sauti cha redio. Nikatoka mbio, suti na yote.

Mlima umelala fofofo. Nilichokikuta mteremkoni ni shimo, nililolichimba mwenyewe juzi. Ndipo nikakumbuka chombo kiko wapi. Kumbe kilichokuwa kinatikisika ni watu wanaocheza harusi ya mwanangu. Nikakaa chini pale pale.

Niliporudi, viti vilikuwa vinakusanywa. Mke wangu kasema neno la baba amelisema baba mkwe wa binti, na amelisema vizuri. Hilo limeniuma kuliko yote.

Jumapili, 8 Juni
Binti kapiga simu. Nilijiandaa kusemwa. Kasema tu kwamba ameshanizoea. Afadhali angenitukana. Nimelia jikoni kama mtoto. Nikamwomba radhi, nikamwambia mlima basi, sasa ni yeye tu. Akanikaribisha kwao chakula cha mchana Jumamosi ijayo.

Zamu yangu tena. Nimekubali bila kusita. Nimemuuliza tu kama udongo wa uani kwao unachimbika.