Risiva ya Champaklal Inachemka

Jumatano, 21 Februari 2024

Risiva ya spika za sebuleni imezima tena. Palepale kwenye video ya harusi! Binti yetu Bhoomi anaagwa, anamkumbatia mama yake, anafungua mdomo aseme neno. Kimya. Mke wangu Kamla hakulisikia neno hilo siku ile, alikuwa analia mno. Sasa Bhoomi yuko Mwanza, neno liko kwenye video. Nimegusa risiva juu, inaweza kuivisha chapati. Kamla akashauri tutazame kwenye simu. Simu! Nyumba yenye spika saba! Hakugomba, alitazama ukuta tu. Bora angegomba. Nimechoka.

Alhamisi, 22 Februari

Akili imekuja. Risiva inachemka kwa sababu inasukuma spika zote peke yake. Nimerudi kutoka Kariakoo na amplifaya mbili kubwa, mchukuzi anahema nyuma. Zisukume hizo, risiva ipumzike. Nafasi hakuna, nimezipanga juu ya risiva. Juu kabisa kitambaa, maana vumbi la mtaa huu halina adabu. Imezima mapema kuliko jana.

Hashil wa ghorofa ya juu, muuza mapazia, ana risiva kama yangu. Yake haichemki. Alishuka bila kuitwa. Akadai risiva yangu bado inawasha amplifaya zake za ndani, hata kama hazina kazi. Nizizime kwenye menyu, nishushe mizigo, nitoe kitambaa. Nikamshukuru. Sifanyi. Mapazia aliyoniuzia yalipauka kabla ya Diwali, leo anifundishe umeme!

Jumamosi, 24 Februari

Nimeleta feni ya jikoni. Ikanasa kitambaa, ikakitafuna. Kamla amepika huku jasho linamtiririka. Nikaweka mfuko wa barafu juu ya amplifaya. Kwa muda nilijiona fundi. Kisha mfuko ukavuja, nikaponea chupuchupu kupigwa na umeme. Nimekausha zulia kwa magoti.

Kamla ameuliza kwa upole kama kesho atamsikia mwanawe. Kaka zake Kamla wanakuja kula. Nimeapa atamsikia. Mpango sina.

Jumapili, 25 Februari

Hashil na mkewe Hind wamekuja pia. Kamla amewaalika, si mimi. Natafuta rimoti, kumbe Hind anayo.

"Shemeji, wewe kaa tu," akasema.

Akaingia kwenye menyu, akazima amplifaya za ndani. Hashil akashusha zangu mbili sakafuni, akakunja kitambaa. Niliwaachia kwa heshima ya wageni.

Video ikafika kwa Bhoomi. Sauti ikabaki.

"Mama, dawa za baba ziko droo ya chini. Na usimwache aguse umeme peke yake."

Shemeji zangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kamla alicheka huku analia. Nami nililia, ila nasema hapa tu. Mtoto alikuwa anaondoka na bado ananifikiria mimi.

Jumatatu, 26 Februari

Nimegusa risiva. Baridi! Imenitia wasiwasi. Ndani mna amplifaya saba, nimezinunua kwa jasho langu, zimelala. Dukani kwangu halali mtu. Nimeziwasha zote. Zile mbili nimezirudisha juu, Kamla asije akajikwaa. Kitambaa nimekishona.

Kamla anataka kumsikia Bhoomi tena jioni hii. Nimemwambia akae, leo atamsikia vizuri zaidi. Barafu ipo tayari, safari hii nimefunga mifuko miwili.