Fundi Amepata Tisa

Jumatatu, 4 Machi
Kamati ya kupandisha vyeo inakaa Ijumaa. Mimi ni mhadhiri wa kawaida kwa mwaka wa kumi na moja. Mimi na Bwana Grafu wa ofisi ya pili tuliajiriwa siku moja, na leo yeye ni mhadhiri mwandamizi tena katibu wa kamati hiyohiyo. Sina wivu. Nimepita mlangoni kwake mara nne tu.

Silaha yangu ni fomu niliyoitafiti kwa miaka mitatu, nitakayoionyesha kamati. Vipengele sitini, alama sitini, vya kupima umahiri wa mwanafunzi wa uhandisi anapounda pampu ya mkono. Mke wangu kauliza bomba la jikoni litaacha kuvuja lini. Nimemwambia baada ya Ijumaa.

Jumanne, 5 Machi
Balaa. Muhula ulipoanza wanafunzi wangu walikuwa na wastani wa ishirini na mbili. Leo ishirini na tatu. Utafiti wa miaka mitatu, alama moja! Nimezunguka karakana hadi miguu ikaniuma. Kisha wazo likanijia: nimewagawia fomu yenyewe waikariri. Si udanganyifu. Ni kuwaeleza matarajio.

Jumatano, 6 Machi
Hamsini na saba! Wanataja kila hatua kwa sauti, wanachora, wanatoa sababu tatu za kuchagua kila nati. Pampu imekamilika. Hatujaijaribu, maana hakuna kipengele cha kuijaribu.

Ili kuinogesha ripoti nikampima fundi wa karakana pia, apate kulinganishwa nao. Ameunda pampu yake kwa dakika kumi na mbili, kimya kabisa. Nikamuuliza kwa nini kachagua vali ile. Akasema ndiyo inayoingia. Nimempa tisa, na huruma yangu.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeumbuka.

Wanafunzi walieleza kwa dakika ishirini mbele ya kamati, nusura nilie kwa fahari. Mwenyekiti akauliza maji yako wapi. Kiongozi wao akavuta mpini. Hewa. Akavuta tena huku akitaja hatua. Hewa. Nikajitosa mwenyewe, nikavuta mpaka shati likalowa, kwa jasho.

Fundi alikuwa akipita na ufagio. Akauweka chini, akafungua bolti mbili, akaigeuza vali tuliyoiweka juu chini, akavuta mara moja. Maji yakamlowesha mwenyekiti hadi magotini. Bwana Grafu akauliza, kwa upole wake ule, fundi alipata ngapi kwenye fomu. Nilitamani ardhi ipasuke nizame. Nikasema tisa. Akaandika.

Wamesema nijaribu tena mwakani. Imeniuma, sitaficha.

Jumamosi, 9 Machi
Situlii. Nimekaa, nimesimama, nimepanga vitabu, nimevipangua. Hatimaye kosa nimeliona: fomu ilikuwa fupi. Nimeongeza vipengele arobaini, cha kwanza kikiwa mtahiniwa asiguse pampu isiyo yake. Sasa ni mia kamili.

Mke wangu kapita, kasema amechoka kungoja, kamwita fundi wa karakana, na bomba halivuji tena. Nikachukua fomu mpya mbio hadi jikoni. Nikamkuta fundi ananawa mikono. Hakuchora, hakutaja hatua hata moja.

Nane kwa mia. Nimemshukuru, nikamwambia asikate tamaa.