Kitambaa Chekundu cha Saa Saba

Kwa Bwana Afya,
Mwingi.
4 Oktoba 1971

Bwana Afya mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta na tumbo lililotulia. Mimi ni Mwangangi, yule aliyekunywa maji ya mto wa Bama vitani huku maiti za Wajapani zikielea juu yake, na sikuharisha. Kwa hivyo siandiki kwa uoga. Nashtaki watoto wa dada yangu Kaluki: Nthenya wa Form Two na mdogo wake Kisilu. Tangu shule zifungwe kwa ajili ya kolera, nawe ukampa Nthenya filimbi, sabuni na vitambaa vyekundu vya kutundika kwenye boma lenye mgonjwa ili watu wasiingie, mimi sina pa kula.

1. Nikiwasalimu kwa mkono, "Wakwata", wanaitikia "Aa" kutoka mbali, mikono nyuma kama walioiba mayai. Halafu Kisilu: "Mjomba, kadi ya sindano iko?" Kadi sina. Ngozi yangu hupinda sindano, nikaona nisiharibu mali ya serikali.

2. Maji wanayachemsha, halafu wanayapoza. Si ni kurudi pale pale? Nilimwambia Nthenya anionyeshe huyo mdudu. Akachora mmoja mkubwa kama mbuzi, akasema haonekani kwa macho. Ananiambia mimi, niliyewahi kuona simba wa Tseikuru, mbali kule, nikiwa mlangoni kwangu!

3. Kusoma hawakuacha. Nthenya na kijana wa kwa Mutiso wanafundishana hesabu kwa kupigiana kelele, huyu kilima hiki, yule kile. Mchana silali. Mbuzi wangu sasa wanajua pembetatu.

4. Hili ndilo kubwa. Saa saba muthokoi ikiiva, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, nikitokea tu njiani, kitambaa kinapanda. Nikirudi, kinashuka. Wiki moja boma la Kaluki limeugua mara saba na kupona mara saba, na moshi wa jikoni haukukatika hata siku moja. Nikaelekea kwa Mutiso. Filimbi ikalia, na huko pia kikapanda.

5. Ugonjwa unaokuja nikija na kuondoka nikiondoka, kuna mtu anayeutembeza. Siwezi kuwa mimi, habari ya Bama nimekwisha kueleza. Wanabaki hao vijana.

Naomba shule zifunguliwe Jumatatu wafungiwe huko, nami nipewe kadi isiyo na sindano, lakini yenye muhuri.

Nisalimie mama watoto, karani wako, na dereva wa ile Landrova.

Wako katika utiifu na njaa,
Mwangangi Muthama

N.B. Barua ilikaa mfukoni siku kumi na moja. Siku ile ile niliyoiandika nilikunywa maji ya mtoni mbele ya Kisilu, vikombe vitatu, ili ajifunze. Kufika jioni sikuweza kusimama. Nthenya akapiga filimbi, vijana wa vilima vyote wakaja, wakanibeba na kitanda changu mbio mpaka kambi yako ya wagonjwa. Nilidungwa sindano nne. Hakuna iliyopinda.

Karatasi ni hii moja, kwa hivyo naituma hivyo hivyo, lakini anza kusoma hapa chini. Shule zisifunguliwe kwanza, Nthenya ndiye ananiletea uji. Kitambaa chake sasa kiko mlangoni kwangu. Naomba kikae hata nikipona. Jana jirani yangu Ndululu alitokea saa ya uji.