Mzee Lorne Asiende Panama

Ijumaa, 2 Januari

Beto amekojoa sasa hivi ndani ya sanduku la Mzee Lorne. Nimemkuta amekaa humo kama nahodha, suruali kichwani, anacheka. Nimemfuta, nimembusu, nimemkaripia, kwa mpangilio huo. Ndipo nikajiuliza: sanduku linatafuta nini uani?

Nikapanda juu kuuliza. Mzee Lorne na Bibi Mavis ni wastaafu kutoka Kanada, wamepanga vyumba vya juu vya nyumba ya mama mkwe tangu Agosti. Watu watulivu. Beto anamwita Mavis bibi, kila asubuhi anampelekea jiwe, na Mavis anayapanga yote dirishani.

Mavis akaniambia kibali chao cha utalii kinaisha mwisho wa mwezi, na Lorne anataka wakazeekee Panama. Eti huko mstaafu anapunguziwa bei mpaka sinema. Yeye Mavis anataka kubaki hapa Mexico, kwetu Ajijic, aendelee kulitazama ziwa, lakini amechoka kubishana na mtu anayezima kifaa chake cha masikio katikati ya maneno. Wataamua baada ya sikukuu ya Wafalme, tarehe sita.

Mama mkwe ameshaamua lake. Wakiondoka, vyumba anapewa shemeji Fidencio. Fidencio anapiga tarumbeta kwenye bendi, lile kubwa la kujiviringisha mwilini kama chatu. Mazoezi anafanya alfajiri. Kitanda cha Beto kitakuwa chini yake kabisa.

Hapana. Lorne haendi popote. Shule niliishia njiani, lakini akili haikuishia huko.

Jumamosi, 3 Januari

Jirani yetu Bi Chole kachungulia juu ya ukuta. Anawataka wale wazee wahamie kwake, ana chumba chenye beseni la kuogea na hachoki kulitaja. Nikajifanya sijali. Kwa majivuno yake akaropoka kwamba mgeni mwenye undugu na Mmexico anapata ukaazi kirahisi.

Undugu! Mbona unatengenezwa.

Mwezi ujao Beto anatimiza miaka mitatu, atapelekwa kanisani kuombewa baraka, na nafasi ya wasimamizi wake iko wazi. Nikapanda juu kuwaomba. Mavis akalia. Lorne akauliza kama kutakuwa na keki. Nikasema ipo. Akakubali.

Kwetu anayemsimamia mtoto kanisani ni ndugu wa wazazi wake, kwa hiyo sasa ni ndugu zangu. Panama ikatafute wazee wengine.

Jumatatu, 5 Januari

Nimekwenda ofisi ya uhamiaji, Beto kiunoni. Karani ni kijana mpole. Nikamwambia nina ndugu zangu wawili Wakanada, nataka karatasi zao. Akauliza kama ni ndugu kwa damu. Nikasema kwa Mungu. Akasema sheria inamjua mume, mke, mzazi na mtoto, na mambo ya Mungu yanashughulikiwa jengo la pili, lile lenye kengele.

Foleni nzima ikacheka. Na nani alikuwa mlangoni akigawa vikaratasi vya chumba chenye beseni? Bi Chole. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akaniuliza, Mama Beto, na mimi nikikubatiza utanipa uraia?

Karani akanihurumia, akanieleza taratibu. Hawa wazee ni watalii, kwa hiyo ombi linaanzia kwao Kanada, kwenye ubalozi mdogo wetu. Lorne aonyeshe pensheni yake, Mavis ataingia kwa mgongo wa ndoa. Wakipata viza wanarudi, wanaibadilisha hapa kuwa kadi ya ukaazi. Uraia ni habari ya miaka ya mbele. Nikauliza kama hatuwezi kuanza na uraia halafu tukashuka. Akaita mtu anayefuata.

Basi kuondoka ni lazima. Tabu ni kurudi. Nimetembea njia nzima nikiwaza ni kitu gani kinamrudisha mtu. Mbele ya duka la mikate nikakipata: tamale.

Kesho tunakata mkate wa Wafalme. Atakayekuta kisanamu cha Mtoto Yesu kwenye kipande chake anatupikia wote tamale, unga wa mahindi unaofungwa majani na kupikwa kwa mvuke, siku ya Mishumaa, tarehe mbili Februari. Katika ukoo huu hajawahi kutokea mtu wa kukwepa. Babu yake mume wangu alitoroka hospitali akaja kukanda unga.

Mkate nimeununua, lakini visanamu vyake vya dukani ni vya plastiki, vidogo kama maharage, Lorne angemeza kimoja. Nimevichomoa vyote. Nimeingiza kile cha kaure cha mama mkwe, cha kabatini, chini ya tunda jekundu lililopamba mkate. Beto ameniangalia kwa makini. Nimempa tunda moja anyamaze.

Jumanne, 6 Januari

Nilimwambia Lorne akate kwenye tunda jekundu. Akakata. Kisu kikagoma, akakereza kama anakata mti wa kwao. Kitu kikalia ndani: kak. Akapata kipande chake, Fidencio akavuta kile cha pembeni yake. Lorne akauma. Kak ya pili.

Akatema kichwa cha Mtoto Yesu. Halafu jino.

Fidencio akatoa miguu mdomoni mwake, akaiweka mezani taratibu.

Mama mkwe akakitambua kile kichwa, akauliza kimetoka vipi kabatini. Beto akasema mama ndiye aliyemlaza kwenye mkate. Mwanangu hasemi uongo, nimemlea mwenyewe.

Mama mkwe hakunitazama. Akatoa hukumu: mwenye kichwa na mwenye miguu watapika pamoja. Fidencio akamkumbatia Lorne, akamwita kaka. Lorne, damu kidogo mdomoni, akauliza tamale zinaanzia wapi.

Jumatano, 7 Januari

Lorne amerudi kutoka kwa daktari wa meno anang'aa. Hakuamini bei ilivyo ndogo. Ameuliza kama daktari anaweza kumng'olea na la pili.

Panama imekufa! Wiki ijayo wanakwenda ubalozini kwetu huko Kanada, na Lorne ameapa atarudi kabla ya Mishumaa, kwa sababu mtu hawezi kuwa na deni la tamale akalala usingizi. Mavis amenishika mikono, akasema mawe ya Beto yasiguswe, yabaki dirishani.

Nilishangilia mpaka jioni. Jioni Lorne akasema si vizuri vyumba kukaa vitupu, akampa funguo mshirika wake wa tamale. Wakirudi, Fidencio anabaki chumba cha pembeni, wapike vizuri.

Tarumbeta limeshapanda ngazi.

Alhamisi, 8 Januari

Beto hakulala. Mimi sikulala. Kuku hawakulala.

Nimejichunguza kwa haki kabisa. Mpango wangu haukuwa na kosa, kaure ndiyo ilikuwa dhaifu.

Na usingizi ulipokosekana, jibu likaja. Fidencio ahamie Kanada. Karani mwenyewe alisema sheria inamjua mume, na kwao bila shaka inamjua vilevile. Mavis ana binamu mjane anayependa muziki. Nitampa Mavis picha ya Fidencio ampelekee, ile ya kanisani, tarumbeta halionekani. Wakioana, anapata ukaazi, anapata theluji, anapuliza atakavyo.

Mama mkwe ananiita. Anasema Beto amevua suruali na ameingia ndani ya tarumbeta. Nimemjibu naja, naja, ngoja niandike jina la huyo mjane nisije nikalisahau, anaitwa Bev—